Bati, Faiba au Mbao Tupu: Boti ya Ziwa Victoria Ivishwe Nini?

Tangu Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipofika Mwanza kuwakabidhi wavuvi wa Kanda ya Ziwa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba, neno faiba limetoka kwa mafundi na kuwa la kila mtu mwaloni. Pamoja nalo umekuja mkanganyiko. Boti iliyofinyangwa kwa faiba kuanzia mkuku hadi ukingo, boti ya mbao iliyopakwa tabaka la faiba, na boti ya mbao iliyopigiliwa bati kwenye viungo huzungumzwa kana kwamba ni ngazi tatu za kitu kimoja: bati la maskini, faiba ya kupaka ya mwenye uwezo kidogo, faiba tupu ya aliyefanikiwa. Mwenye boti inayovuja huambiwa "ivishe tu". Ni mara chache anaulizwa inavujia wapi, na kwa nini.

Linalochambuliwa hapa ni gamba, yaani tabaka la nje linaloongezwa juu ya chombo kilichokwisha kuundwa. Gamba si chombo. Mbao na mataruma, yaani mbavu za chombo, ndivyo vinavyobeba mzigo, injini na mawimbi. Gamba limewekwa kuzuia kitu fulani kisivifikie. Kitu hicho ni kipi, hapo ndipo hoja zote zinapogawanyika.

Adui wa baharini na adui wa ziwani

Mazoea ya kuvisha vyombo yalianzia baharini, na baharini sababu ilikuwa wazi. Kuna kiumbe cha maji ya chumvi, jamaa wa chaza ingawa umbo lake ni la mnyoo, anayechimba mbao na kuziacha zikiwa matobo matupu ndani huku nje zikionekana nzima. Mafundi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, walimkabili kwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu ya jahazi inayozama majini, huku sifa, yaani mafuta ya papa, ikipakwa sehemu ya juu. Gamba hilo lilikuwa laini, la bei nafuu, na lilipakwa upya kila chombo kilipopandishwa pwani. Halikukusudiwa kudumu.

Waingereza walitaka linalodumu. Mwaka 1761 waliivisha manowari yao HMS Alarm mabamba ya shaba na kuipeleka Karibiani. Ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, shaba ilikuwa imemzuia mtoboa mbao, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Palipobaki salama ni pale ambapo karatasi ya kaki iliyofungia mabamba ilisahauliwa kati ya shaba na msumari. Somo lake ni kubwa kuliko karatasi yenyewe: gamba linaweza kumfukuza adui wa nje na papo hapo kuzaa adui mwingine ndani, kwa sababu tu ya kugusana na kilicho chini yake.

Sasa tuje ziwani. Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi, na mtoboa mbao wa baharini hawezi kuishi humo. Sababu kuu iliyofanya dunia nzima ivishe merikebu shaba na risasi, kwa hiyo, haipo Kirumba, haipo Ukerewe, haipo Musoma. Chuma nacho huliwa polepole zaidi katika maji yasiyo na chumvi. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, karibu na Kigoma, mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Meli ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Grisi ilifanya kazi yake, na maji baridi ya Tanganyika yalisaidia.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa maziwani hawakuwahi kuvisha vyombo. Katika ziwa dogo la Nemi, karibu na Roma, zilipatikana meli mbili kubwa za zama za mfalme Caligula, karibu miaka 2,000 iliyopita. Zilipotolewa majini kati ya 1929 na 1932, mbao zake zilikutwa zimefunikwa kwa sufu yenye lami na juu yake mabamba ya risasi, katika ziwa lisilo na mtoboa mbao hata mmoja. Waliozivisha huenda walitaka kuzuia uvujaji. Au walikuwa mafundi wa baharini walioleta ziwani desturi ya baharini bila kujiuliza. Uwezekano huu wa pili ndio unaotuhusu, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa mwaloni leo una asili hiyohiyo.

Adui halisi wa boti ya mbao katika Ziwa Victoria ni wanne. Wa kwanza ni kuoza, kunakoletwa na kuvu wanaostawi mbao inapokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi huku ikipata hewa. Ubaya ni kwamba maji yanayoozesha zaidi hayatoki nje. Ni ya mvua yanayotuama ndani, kwenye ngama, chini ya nyavu na chini ya vichanja vya dagaa. Wa pili ni kusuguliwa: pwani ya Mwanza ni mawe na mchanga mkali, na boti huburutwa kila siku. Wa tatu ni jua la karibu na ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, linalokausha mbao zilizo juu ya maji huku zile za chini zikivimba. Wa nne ni viungo vinavyolegea kwa mtetemo wa injini za kupachika, ambazo boti nyingi za umbo la zamani hazikuundwa kuzibeba. Kwa adui hawa wanne, gamba la nje linafaa hasa dhidi ya mmoja na nusu.

Hoja ya bati

Bati ndilo gamba la watu wengi. Fundi akishakalafati kiungo kwa pamba, na pengine kukipaka lami, hukata ukanda wa bati na kuupigilia kwa misumari midogo juu yake. Boti ikizeeka, kanda huongezeka hadi chombo kizima kikawa na viraka vya kung'aa.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Bati linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na vipande vilivyobaki kwenye paa havihitaji kununuliwa. Halihitaji kemikali, umeme wala mbao kavu, na fundi yeyote wa kisiwani analimudu kwa nyundo na mkasi. Linahimili kuburutwa kwenye mawe kuliko rangi yoyote. Na jambo ambalo wauzaji wa faiba hawalitaji: bati linabanduliwa. Mwenye boti akitaka kujua hali ya mbao chini yake, anang'oa, anatazama, anapigilia jingine.

Udhaifu wake unatokana na misumari. Kila msumari ni tundu jipya, na ukanda wenye misumari mingi unaweza kuipasua mbao nyembamba kwenye ukingo wake, mahali palepale ulipotumwa kupatunza. Maji hupenya kati ya bati na mbao na kubaki humo. Mbao haikauki hata boti ikikaa juani wiki nzima. Zinki iliyopakwa bati huisha, kutu huanza, na makali ya bati lililoinuka hukata nyavu na mikono. Akitokea fundi akachanganya misumari ya shaba na bati la zinki, anarudia kosa la HMS Alarm, ingawa maji ya ziwa yatamchelewesha kuliona.

Lakini kosa kubwa liko katika matumizi. Bati hutumiwa kama dawa ya kuvuja, na bati halizuii kuvuja. Kinachozuia ni pamba iliyoshindiliwa vizuri kati ya mbao mbili zilizokazwa kwenye mataruma imara. Taruma likioza, mbao zitacheza, pamba itatoka, na bati litabaki likificha ufa. Mkaguzi wa vyombo anayeona boti yenye kanda nyingi chini ya mstari wa maji ana haki ya kutilia shaka mataruma kabla ya kutazama kitu kingine.

Hoja ya faiba juu ya mbao

Hapa ndipo penye ahadi kubwa na hasara kubwa. Kinachofanyika ni kulaza kitambaa au mkeka wa nyuzi za kioo juu ya mbao na kuulowesha kwa rezini inayogandishwa na kemikali. Ikigandamana vizuri, boti hupata ngozi isiyo na kiungo hata kimoja. Haivuji, haihitaji kukalafatiwa, hupita majini kwa wepesi na kupunguza petroli. Kwa boti mpya ya plaiwudi au ya mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, njia hii imethibitika duniani kote kwa zaidi ya nusu karne.

Boti za mialo yetu haziko hivyo. Ni za mbao pana zilizopigiliwa misumari kwenye mataruma, na mbao pana haitulii. Ikilowa hutanuka upande wa upana wake, ikikauka hunywea. Faiba hainyumbuki hivyo. Kila msimu mbao inavuta na ngozi inagoma, hadi mojawapo inashindwa. Mara nyingi ngozi hupata nyufa nyembamba kama unywele, juu ya viungo hasa, na maji huingia. Yakishaingia hayatoki. Kuvisha faiba boti iliyolowa ni kuvaa koti la mvua juu ya nguo mbichi: nje pakavu, ndani panavunda. Baada ya mvua chache mwenye boti anabaki na ganda zuri la rangi ya buluu, na nyuma yake mbao inayochimbika kwa kidole.

Aina ya rezini ina uzito wake katika hesabu hii. Poliesta, ambayo ndiyo ya bei nafuu, haishiki vizuri mbao yenye unyevu wala yenye mafuta. Inataka mbao kavu, unyevu usiozidi asilimia 15 hivi. Boti iliyotumika kuvulia kwa miaka, ambayo sakafu yake imenyonya petroli, oili na mafuta ya samaki, haifiki huko kwa kuanikwa siku tatu. Epoksi hushika zaidi na hunyumbuka kidogo, lakini bei yake humfanya mwenye boti aulize kama si afadhali anunue boti nyingine. Swali hilo ni la haki.

Kuna pia fundi mwenyewe. Mvuke wa poliesta hudhuru mapafu, vumbi la kusugua nyuzi za kioo nalo hudhuru, na tone moja la kigandishi likiingia jichoni linaweza kupofusha. Rezini haikai ghalani muda mrefu penye joto. Iliyokaa miezi mingi dukani huganda vibaya au haigandi kabisa. Haya hayasemwi kumzuia mtu. Yanasemwa kwa sababu kazi hii imeenea haraka kuliko mafunzo yake, na kwa macho haiwezekani kutofautisha kazi nzuri na mbovu mpaka mwaka upite.

Mbona basi kishawishi ni kikubwa? Kwa sababu mbao nzuri zimeadimika. Mvule, mti uliobeba sifa ya boti za ziwa hili, umekuwa haba na ghali, na nafasi yake imechukuliwa na mbao laini za mashamba ya kupandwa, paina zikiwemo. Paina isiyotiwa dawa huoza upesi. Mwenye boti anajua hilo, na anatarajia faiba ifanye kazi ya mvule. Haiwezi. Afadhali mbao hiyohiyo itiwe dawa kabla ya kuundwa, ikaushwe, na ndani ya boti pawekewe njia ya maji ya mvua kutoka. Ni hatua zisizo na mng'ao, na huenda ndiyo sababu hazina watetezi wengi.

Faiba tupu, chuma, na kandambili

Boti ya faiba tupu haina mgogoro wa ngozi na mwili, maana ngozi ndiyo mwili. Ni nyepesi, haiozi, na inafaa injini. Dosari zake ni za aina nyingine. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji: boti ya mbao ikijaa maji mara nyingi hubaki inaelea, watu wakaishikilia, ya faiba huzama moja kwa moja isipokuwa imejengewa vyumba vya hewa au kujazwa povu gumu. Mnunuzi asiyeuliza habari za vyumba hivyo amenunua nusu ya boti. Haipendi mawe, na pigo la mwamba linalokwaruza mbao linaweza kuitoboa. Tena ikifikia mwisho wa maisha yake haina pa kwenda: haiozi, haifai kuni, na ufukwe wa Mwanza una takataka za kutosha tayari.

Kwa vivuko na meli kubwa mjadala umekwisha zamani. Ni chuma, na gamba lake ni rangi pamoja na vipande vya madini vinavyojitoa viliwe kabla ya chuma. Hata hapa desturi ya baharini hupotosha. Vipande vya zinki vinavyofaa Dar es Salaam havifanyi kazi ipasavyo katika maji baridi, ambako hutumika magnesi.

Nataja pia Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Victoria. Kandambili zile hazizuii maji wala mawe. Ni gamba la kufikisha ujumbe kuhusu taka, na kwa kazi hiyo limefaulu; mvuvi hana la kuiga hapo isipokuwa kutotupa chupa ziwani.

Nyumba za ufukweni nazo

Mkanganyiko huuhuu umepanda kutoka mwaloni hadi majumbani. Sengerema, Magu na Ukerewe kuna nyumba nyingi za tofali za udongo ambazo wenyewe huzivisha plasta ya saruji mara wanapopata fedha. Nyumba inapendeza siku hiyohiyo. Lakini saruji ni ngumu na ukuta wa udongo ni laini. Udongo ukinyonya unyevu kutoka chini hutanuka, plasta hupasuka, maji ya masika huingia kwenye ufa na kukosa pa kutokea. Baada ya misimu kadhaa kipande kizima kinadondoka kikiwa na udongo nyuma yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejifunza jambo hilo kwa gharama: kuta za mawe ya matumbawe zilizodumu kwa plasta ya chokaa huharibika zikikarabatiwa kwa saruji, kwa kuwa chokaa huruhusu ukuta kupumua na saruji huuziba.

Anayetetea saruji atasema inazuia mvua ya kupiga, inazuia mchwa na panya, na haihitaji kupakwa upya kila mwaka. Ni kweli, kama ukuta ni wa tofali za saruji au za kuchoma na msingi ni wa mawe. Mwanza mawe hayajawahi kuadimika. Msingi ulioinuliwa kwa mawe na paa lililotokeza nje vya kutosha huukinga ukuta wa udongo kuliko plasta yoyote, na fedha za mifuko ya saruji zingeanzia huko.

Kwa maghorofa ya mjini hatari ni nyingine. Mabamba ya aluminiamu yanayopachikwa nje ya kuta kwa ajili ya sura hutofautiana kwa kilicho katikati yake. Mengine yana plastiki inayowaka. Jengo la Grenfell Tower la London, lililovishwa mabamba ya aina hiyo, liliungua tarehe 14 Juni 2017 na watu 72 wakafa. Jengo lenyewe lilikuwa la zege. Kilichobeba moto kutoka ghorofa hadi ghorofa kilikuwa vazi lake. Anayeagiza mabamba hayo kwa jengo la Mwanza anapaswa kudai cheti cha tabia yake kwenye moto kabla ya kuchagua rangi.

Mizani

Kila upande una ukweli wake. Mtetezi wa bati yuko sahihi kuhusu mawe, amekosea kuhusu kuvuja. Mtetezi wa faiba ya kupaka yuko sahihi kuhusu boti mpya, kavu, iliyoundwa kwa ajili hiyo. Kwa boti kongwe anauza muda, na muda wenyewe ni mfupi. Anayesema mbao tupu zinatosha anasema kweli kuhusu mvule uliokalafatiwa na kutunzwa, lakini mvule haupo tena kwa kila mtu. Boti ya faiba tupu ni chaguo jema kwa mwenye mtaji au mkopo anaoweza kuulipa, ilimradi iwe na vyumba vya kuelea na pawepo fundi wa kuitengeneza ndani ya safari ya siku moja.

Hukumu yangu inaelemea upande usio na mbwembwe. Mwenye boti ya mbao inayofanya kazi leo aache kuivisha nzima. Apige bati au ukanda wa chuma mahali inapokwaruza tu: chini ya mkuku, kwenye hanamu, na pale inapoguswa na mawe ikiburutwa. Sehemu nyingine azikalafati, azipake rangi, azikague. Taruma bovu libadilishwe, na mvua ikinyesha maji yatolewe siku hiyohiyo. Boti inayohitaji kuvishwa chini kote ili ielee imekwisha. Fedha za faiba ziwe akiba ya boti nyingine.

Kwa wanaosimamia vyombo vidogo na kufundisha mafundi, wakiwemo chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi na TASAC, msimamizi wa vyombo vya majini, kwenye ukaguzi wake, ombi ni moja: fomu ya ukaguzi itenganishe boti ya faiba na boti iliyovishwa faiba, na boti iliyovishwa isipewe kibali mpaka mbao zake zikaguliwe kutokea ndani, taruma baada ya taruma.